Kigari ulichokifanyia kazi usikiuze kama kipya, unajipunja mwenyewe



Leo nawaandikia hasa wale tunaouza vigari vya mfano mtandaoni. Siongelei tu kununua boksi na kuuza boksi. Naongea na wale wanaovifanyia kazi kwa mkono: unabadilisha rangi, unafunga rimu nyingine, unatengeneza kilichovunjika, au unajenga basi zima kwa ubao wa plastiki na maboksi. Kama wewe unauza simu za mtumba au makochi yaliyobadilishwa kitambaa, usiondoke. Hoja ni ileile.

Hoja yangu ni moja tu: ukikigusa kigari, sema umekigusa. Andika kwenye tangazo kabla mteja hajauliza na kabla hajatuma hela. Nini kimebadilishwa, nini ni cha kiwandani, wapi pana udhaifu.

Najua kuna ushauri unazunguka sana huku mtandaoni kwamba asichouliza mteja usimwambie. Wengine wanauita ujanja wa mauzo. Mimi naupinga, na wala sijaja kuhubiri. Naupinga kwa sababu ya hela. Anayeficha kazi ya mikono yake anaiuza bure, na akikamatwa anatuharibia soko sisi wote.

1. PIGA HESABU KWANZA

Tuchukue mfano. Umenunua kigari cha chuma kilichotumika, kile kidogo kinachoenea kwenye kiganja, kwa 8,000. Umenunua seti ya rimu na matairi ya mpira, 7,000. Praima, rangi, klia na msasa, ukigawanya kwa kigari kimoja, tuseme 4,000. Stika 2,000. Kifungashio 2,000. Hapo tayari umefika 23,000 na hujajilipa hata senti.

Sasa weka muda. Kukifungua, kukwangua rangi, kusafisha, kupiga praima, kupiga rangi, kusubiri, kufunga. Tuseme saa 6 za kazi yenyewe, ukiacha muda wa kukauka. Jilipe 3,000 kwa saa, ni 18,000. Jumla 41,000. Ongeza 4,000 ya dharura na faida ya duka, bei ni 45,000.

Kigari hichohicho kikiwa kipya kwenye pakiti yake tuseme kinauzwa 15,000 duka la jirani.

Angalia sasa mtego ulipo. Ukiandika "kipya, orijino, cha kiwandani", mteja anakwenda kulinganisha na cha 15,000. Ana haki, si umemwambia ni kilekile? Ukikiuza 15,000 umepoteza 8,000 kwenye vifaa peke yake, na saa zako 6 zimekwenda na maji. Njia nyingine ni kudanganya zaidi, useme ni toleo adimu la kiwandani ili ufike 45,000. Hapo umeshatoka kwenye biashara, uko kwenye utapeli.

Njia halali ya kufika 45,000 ni kuuza kile ulichonacho wewe tu, yaani mikono yako. Cha kiwandani kina bei ambayo mtu yeyote anaiona kwenye simu yake. Kazi yako haipo kwenye duka lingine. Ukiificha unaiondoa kwenye mizani mwenyewe, halafu unalalamika wateja wa Bongo hawathamini kazi za mikono. Watathaminije kitu ambacho hukuwaambia kipo?

2. WENZETU WANA UTARATIBU, TUUCHUKUE

Watu wanaokusanya vigari hivi wapo siku nyingi. Matchbox ilianza Uingereza mwaka 1953, ikitengenezwa na kampuni ya Lesney ya London. Hot Wheels ya Mattel ilitoka Marekani mwaka 1968, ikianza na magari 16. Tomica ya Japani ikaja mwaka 1970. Miaka yote hiyo watu wamekuwa wakinunua, wakipaka rangi, wakivunja na kuunga. Kwa hiyo hili swali la "hiki kimeguswa au hakijaguswa" sio geni.

Wakusanyaji wa huko wana mazoea ya kugawa vigari katika makundi matatu kwa namba. Kundi la 1 ni kigari kama kilivyotoka kiwandani. Kundi la 2 ni kilichobadilishwa na mtu mwingine kwa ruhusa ya kiwanda. Kundi la 3 ni kilichobadilishwa na mtu binafsi bila ruhusa ya kiwanda, kama wewe na mimi tunavyofanya mezani.

Ninachopenda kwenye utaratibu huu ni kwamba kundi la 3 sio tusi. Wapo wanaotafuta vya kundi la 3 tu, kwa sababu wanataka gari ambalo kiwanda hakijawahi kulitoa: pick-up yenye matope na keria kama ya shambani, teksi yenye mstari, Hiace yenye rangi za njia ya mtaani kwao. Kosa ni pale tu mtu anapochukua cha kundi la 3 akakivalisha jina la kundi la 1.

Sisi hatuhitaji kuandika namba, maana wateja wetu wengi hawazijui. Maneno matatu yanatosha: CHA KIWANDANI, KIMEBADILISHWA, KIMEJENGWA KWA MKONO. Weka neno moja kati ya hayo kwenye mstari wa kwanza wa tangazo. Basi.

3. NINI HASA CHA KUSEMA

Hapa wengi wanakwama, wanaandika "custom" na kuacha. Hilo neno halimwambii mteja kitu. Taja sehemu kwa sehemu.

Chini ya gari. Vigari vingi vya chuma vinafungwa kwa ribiti, ule msumari wa bodi uliopondwa kichwa ukashika chesisi. Ili kukifungua inabidi utoboe kile kichwa kwa drili. Baada ya hapo kuna wanaorudishia kwa tone la gundi na kuna wanaofanya kazi ya kueleweka: unatoboa tundu la milimita 1.6 katikati ya nguzo, unalitia hesi, unafunga skrubu ya M2. Cha skrubu kinafunguka tena siku tairi likiharibika. Cha gundi kinafunguka siku kisipotakiwa. Mteja akigeuza gari ataona tu, kwa hiyo mwambie wewe kwanza. Tena skrubu ni sifa, itangaze!

Rangi. Sema kama umekwangua ya zamani yote au umepiga juu yake. Rangi iliyopigwa juu ya rangi inanenepa, inaziba mistari ya milango na maandishi madogo ya bodi, gari linakuwa kama limemwagiwa uji. Aliyekwangua mpaka chuma, akaosha na sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya vidole, akapiga praima, kisha rangi nyepesi mara kadhaa na klia juu, huyo amefanya kazi nyingine kabisa. Ukinyamaza, wewe na wa uji mnaonekana mko sawa.

Tukiwa hapohapo, kwa wale wa pwani: siku ya mvua au ya unyevu mwingi rangi ya kopo la kupuliza inaweza kuota ukungu mweupe juu. Usiuze ule ukungu kwa jina la "matte". Subiri siku kavu urudie.

Vioo. Supagluu ikikauka karibu na plastiki angavu inaacha utando mweupe, kioo kinakuwa kama jicho lenye mtoto. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya maji, ikikauka inakuwa angavu. Kama kioo ni cha zamani na kina mkwaruzo, piga picha ya huo mkwaruzo. Asetoni usiipeleke karibu na plastiki, inaiyeyusha. Ndio maana kabla ya kukwangua rangi kwa dawa unatoa kila kitu cha plastiki nje. Na vaa glavu, fungua madirisha, afya yako haina spea.

Matairi. Ni ya kiwandani au umebadilisha? Yanazunguka au umeyagundisha ili gari likae chini kabisa? Mtu akikisukuma kisipotembea atadhani ameuziwa kibovu, wakati wewe ulikusudia. Sema.

Skeli. Hii watu wanaandika kwa kubahatisha. Skeli ni hesabu ya darasani tu: gari halisi ligawe kwa namba. Gari la mita 4.5 kwenye 1:64 linakuwa kama sentimita 7. Kwenye 1:43 ni kama sentimita 10 na nusu. Kwenye 1:24 ni kama sentimita 19. Kwenye 1:18 ni sentimita 25. Coaster ya takriban mita 7 kwenye 1:24 inatoka kama sentimita 29, na basi la mita 12 linatoka nusu mita nzima! Kwa hiyo ukijenga basi la sentimita 30 ukaliandika 1:24, kuna mteja wa rula atakuumbua mbele ya watu. Hata vile vigari vya bei ya chini vinavyoitwa 1:64, vingi havifuati kipimo kamili, vinatengenezwa vienee kwenye pakiti. Ukiwa na shaka andika urefu kwa sentimita. Sentimita haina mjadala.

Kwenye picha weka kiberiti pembeni. Kila mtu anajua ukubwa wa kiberiti. Na kama unashangaa jina la Matchbox limetoka wapi, ndio hapohapo. Inasimuliwa kwamba shuleni kwa binti wa Jack Odell, mmoja wa watu wa Lesney, watoto waliruhusiwa kuleta mdoli unaoingia kwenye kiberiti tu, baba akamtengenezea kimashine kidogo cha kushindilia barabara kinachoenea humo.

4. HILI LA WATOTO SIO LA MZAHA

Ukisahau yote, hili usilisahau.

Kigari cha kiwandani cha kuchezea kina maandishi kwenye pakiti kuhusu umri wa mtoto, na vingi vinakataza chini ya miaka 3 kwa sababu ya vipande vidogo. Sasa wewe umekifungua. Umeongeza vioo vya pembeni vyembamba kama njiti, taa za kubandika, matairi ya mpira yanayotoka kwa kuvuta. Umepiga rangi ya kopo ya dukani, ambayo hakuna aliyeipima kwa ajili ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Ile pakiti haikuhusu tena.

Halafu mama mmoja anaona picha kwenye status, anasema mwanangu anapenda magari, nitumie hiyo nyekundu. Ukikaa kimya hapo umeuza hatari. Mwambie: "Dada, hiki ni cha kuweka kabatini, mtoto wako ana miaka mingapi? Kwa mtoto ninacho hiki cha kiwandani, bei yake ni ndogo zaidi." Utapoteza 30,000 siku hiyo? Ndiyo. Lakini utalala, na huyo mama atarudi, kwa sababu umemuuzia cha mwanae na bado hujamchukulia hela nyingi.

Kwenye kila tangazo la kigari ulichokigusa ongeza mstari mmoja: "Cha mapambo, sio cha kuchezea mtoto mdogo." Hauchukui nafasi.

5. KUNA VYA KUTOVIGUSA

Kazi ya mkono mara nyingi inaongeza thamani. Kuna wakati inaiua.

Mtu akikuletea Matchbox ya zamani ya babu yake, rangi imechubuka lakini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, usikimbilie kopo la rangi. Kwa mkusanyaji michubuko ya asili ni ushahidi. Ukiipiga rangi mpya inang'aa, lakini umefuta kile kilichokuwa kinamfanya alipe zaidi. Mweleze mwenye mali kwanza, aamue yeye.

Kingine ni kile chuma kinachooza. Vigari hivi vimetengenezwa kwa mchanganyiko wenye zinki nyingi. Ukiwa umeingiliwa na uchafu kama risasi, chuma kinaanza kupasuka kutoka ndani, kinavimba, kinapinda, mwisho kinamumunyuka kama biskuti. Inaonekana zaidi kwenye vigari vya zamani sana, vile vya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Hakuna gundi wala putty inayoponya hilo. Unaweza kuziba ufa leo na kupiga rangi juu, lakini ndani kazi inaendelea. Anayeziba na kuuza anajua anachofanya. Ukiletewa cha namna hiyo ukitengeneze, mwambie mteja ukweli na usipokee hela ya matengenezo ambayo hayatadumu.

6. MMOJA AKIDANGANYA TUNALIPA WOTE

Kuna kaka alinijia dukani na kigari alichonunua kwa muuzaji mwingine mtandaoni. Aliambiwa ni toleo adimu, cha kiwandani, akalipa hela ndefu. Tairi moja la mbele likatoka siku ya tatu. Nilipokigeuza chini niliona vichwa vya ribiti vimetobolewa, vikazibwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. Nilipokifungua, rangi ya ndani ya bodi ilikuwa ya kijani, nje nyekundu. Stika ilikuwa imebandikwa juu ya vumbi.

Na cha ajabu, kile kigari kilikuwa kimepigwa rangi vizuri tu! Mstari umenyooka, klia safi. Aliyekifanya ana mkono. Angeandika "nimekibadilisha mwenyewe" angepata mteja wa kudumu, tena kwa bei nzuri.

Yule kaka hakumtukana muuzaji. Aliniuliza swali moja tu, akiwa ameshika kigari changu cha kwenye shelfu: "Na hiki chako nitajuaje?"

Hilo swali ndio gharama. Mimi sikumuuzia kile cha kwanza, lakini ilibidi nimfungulie skrubu nne na kumwonyesha picha za kazi ndipo anunue. Mteja akiingizwa mjini mara moja hamkimbii muuzaji mmoja, anakimbia aina nzima ya bidhaa. Na sisi soko letu ni dogo. Tukipoteza watu hamsini hatuna wengine hamsini wa kuziba.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara. Kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kitu kinachouzwa kwa maelezo kinatakiwa kilingane na maelezo hayo. Mtu anaweza asikupeleke popote kwa ajili ya kigari, lakini tangazo lako lenye neno "orijino" na meseji za malipo viko kwenye simu yake. Usimwachie silaha.

7. "LAKINI BWANA..."

Najua maswali yatakayokuja, nijibu hapahapa.

"Nikisema kimerekebishwa wateja watakimbia." Watakimbia wale waliokuwa wanatafuta cha 15,000. Hao hata ungewapata wasingekulipa saa zako. Anayebaki ni yule anayeuliza "unaweza kunifanyia cha rangi ya gari la mzee wangu?" Huyo hana pa kwenda zaidi yako, na mara nyingi haombi bei ya mwisho mara kumi.

"Wenzangu hawasemi, nitabaki nyuma." Wiki ya kwanza inawezekana. Baada ya miezi kadhaa page yako inakuwa na picha za kabla na baada, na ya kwake ina vigari vinavyong'aa visivyo na historia. Mteja akitaka kutuma hela kwa mtu asiyemjua mkoa mwingine, atamtumia nani?

"Ni kigari tu, unakuza mambo." Kwa mtu wa mshahara mdogo 45,000 sio kigari tu. Ni hela aliyoiweka pembeni. Na wengi wananunua zawadi: gari la kwanza la baba, lori alilokuwa anaendesha mjomba. Ukimdanganya hapo umegusa kitu kikubwa kuliko rangi.

"Nani ana muda wa kuandika yote hayo?" Ulikuwa na muda wa kupiga msasa saa nzima, unakosa dakika tano za kuandika? Andika mara moja, hifadhi kwenye simu, kila mara unabadilisha sehemu chache tu.

Na kwa wanaojenga mabasi: jina na nembo ya kampuni ya basi ni mali ya mtu. Kumfanyia mteja mmoja basi analolipenda ni jambo moja, kutoa ishirini zenye nembo na kuzitangaza ni jambo lingine. Nenda ofisini kwao ukaombe ruhusa. Unaweza hata kutoka na oda.

8. FANYA HIVI KUANZIA KESHO

Moja, piga picha nne kwa kila kazi: kilivyokuja, kilipofunguliwa, kikiwa na praima, kilipokamilika. Ziweke kwenye folda moja yenye namba ya kigari. Hizo ndizo hati zako.

Mbili, picha ya chini ya gari lazima iwepo kwenye tangazo. Anayeficha chini ana jambo.

Tatu, andika saa ulizotumia. Sio lazima uandike kila gharama, lakini saa ziandike. Mteja akiona "saa 6" ile 45,000 inaanza kueleweka.

Nne, toa dhamana ndogo unayoiweza, na uitimize.

Tano, kabla hujafunga mzigo wa kwenda mkoani, piga video fupi ya kigari kizima na mtumie mteja. Vioo vya pembeni vinakatika njiani, kwa hiyo funga bodi isitikisike na umwambie sehemu gani ni laini ili afungue taratibu.

Mfano wa tangazo, chukua ubadilishe upendavyo:

"KIMEBADILISHWA. Pick-up ya chuma, skeli 1:64, urefu takriban sentimita 8. Bodi ya kiwandani, ilikuwa imetumika. Nimekwangua rangi yote na kupiga upya bluu, praima chini na klia juu. Rimu na matairi ya mpira ni mapya, nimefunga mwenyewe. Chini nimeweka skrubu badala ya ribiti, inafunguka. Kioo cha mbele ni cha zamani, kina mkwaruzo mdogo kulia, angalia picha ya nne. Inasukumika. Ya mapambo, sio ya kuchezea mtoto mdogo. Kazi ya saa 6. Bei 45,000, usafiri juu ya mteja. Tairi likitoka lenyewe ndani ya wiki 2 narudishia bure."

Soma tena hilo tangazo kama mteja. Kuna mkwaruzo umetajwa, kuna neno "imetumika", na bado unatamani kukiona. Tena ule mkwaruzo ndio unaokufanya uamini mengine yote.

Tulikua tukitengeneza magari ya waya, matairi ya kandambili, na hakuna aliyejifanya yametoka kiwandani. Ulikuwa unajivuna mtaa mzima kwamba hili nimelitengeneza mimi. Sijui ni lini tulianza kuona aibu kusema hivyo, tena kwenye kazi ambayo sasa inatulipa.

Ukikigusa, sema. Halafu weka bei yako na usimame nayo.

Wewe unauza nini ambacho umekifanyia kazi kwa mkono? Andika tangazo lako hapo chini kwa mtindo huu tulisome pamoja. Na kama unaona nimekosea kwenye hesabu ya saa, leta ya kwako tulinganishe.